Nani Kaitika Namba Thelathini na Moja?

"Nipo!"

Sauti ilikuwa ya Kasuku. Lakini mdomo wa Kasuku ulikuwa umefungwa.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, amesimama kando ya dawati lake, meno yameumana, akiitazama kalamu nyekundu ya mwalimu wa darasa ikishuka kwenye daftari la mahudhurio. Nyinyi mlionipigia simu kunilaumu kwamba nimewakatia utamu, haya, sogeeni. Ila asikae mtu karibu na mlango.

Kalamu ikashuka. Alama ikawekwa.

"Thelathini na mbili!" mwalimu akaendelea.

"Nipo!"

"Mwalimu!" Kasuku akapaza sauti. "Mwalimu, si mimi niliyeitika namba thelathini na moja!"

Mwalimu hakuinua kichwa. Mzee huyu haiti majina, anaita namba, na kwa miaka ishirini na tisa hajawahi kuinua uso aone nani anaitika. Akisikia sauti anaweka alama, anasonga mbele. Anasema macho ni ya kusahihishia insha.

"Sauti yako naijua," alisema. "Umetuchosha nayo. Kaa chini. Thelathini na tatu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Na kwa kweli nani angemhurumia? Binti huyu wa miaka kumi na sita ndiye bingwa wa kuiga sauti shule nzima. Anaiga kikohozi cha mkuu wa shule, anaiga mlango wa jikoni, anaiga mama mwenye duka la vitabu akimgombeza mumewe. Jina la Kasuku hakupewa bure. Leo anasimama kusema sauti yake imeibwa, na watu wanajishika mbavu.

Mmoja tu hakucheka. Ni Bosi, yule msichana wa dawati la nyuma, mwenye viatu vinavyong'aa kuliko vya walimu. Alikuwa amekodoa macho na mdomo ameuziba kwa mkono.

Bosi na Kasuku walikuwa wanawaza jambo lilelile. Walikuwa wanawaza habari za Rula.

Rula alikuwa mwenzao wa tatu. Wiki iliyopita alisimama darasani humuhumu akasema maneno hayohayo: si mimi niliyeitika. Wakamcheka. Jumatatu Rula hakuja, lakini namba yake ilipoitwa, "Nipo!" Jumanne, "Nipo!" Darasani kuna sheria ambayo haikuandikwa popote: mwenzako akiitikiwa, hugeuki kuangalia. Kila mmoja alidhani ni rafiki anamfichia utoro. Nyumbani kwao walidhani yuko kwa dada yake. Hakuna aliyemtafuta.

Jumatano msafishaji alifungua kabati la vifaa vya michezo akamkuta Rula amejikunja kama nguo chafu. Alikuwa hai, lakini sauti hana. Mpaka leo yuko hospitali, na akifungua mdomo kinachotoka ni mluzi mwembamba wa kifuani.

Mluzi huo Kasuku alikuwa anaufahamu kuliko mtu yeyote. Aliuiga mwaka mzima.

Ulikuwa mluzi wa Filimbi.

Kwa wale mnaoanza leo, nawaambia upesi. Filimbi alikuwa namba kumi na tisa, msichana mdogo wa umbo, mwenye pumu. Kifua chake kilipiga mluzi kila alipopanda ngazi, na Bosi ndiye aliyempachika jina hilo. Walimfichia dawa yake ya kuvuta. Walimkimbiza uwanjani ili Kasuku ausikie vizuri mluzi na kuuiga mbele ya darasa. Miezi miwili iliyopita, mchana mmoja, Bosi alimsukuma ndani ya stoo ya maabara akapiga komeo kwa nje. Dakika kumi tu, alisema, tucheke kidogo.

Namba zilipoitwa mchana ule, Kasuku aliitika kwa sauti ya Filimbi, pamoja na kamluzi kake. Usiku ule kwao walidhani amelala kwa bibi yake. Asubuhi iliyofuata Kasuku akaitika tena. Mchana wake, mtunza maabara akafungua stoo akakuta maiti.

Wakubwa walichunguza, na daftari likatoa ushahidi: saa moja na nusu asubuhi marehemu alikuwa darasani, mzima, na aliitika. Basi alijifungia mwenyewe baadaye, na mtunza maabara hakukagua. Mzee wa watu akafukuzwa kazi. Wasichana watatu wakaenda mazishini, wakalia kuliko ndugu wa marehemu.

Haya, turudi darasani.

Kengele ilipogongwa, Bosi alimshika Kasuku mkono akamburuta mpaka chooni, akasukuma milango yote kuhakikisha hakuna mtu.

"Usiniletee uchuro," alisema. "Umeitika mwenyewe, unataka kututisha."

"Naapa sikufungua mdomo."

"Na Rula anaigiza. Anataka kuhurumiwa. Mnatazama sinema za mizimu mpaka usiku wa manane, mkiamka mnazimaliza na sisi."

Kasuku alitaka kujibu, akakohoa. Koo lilikuwa linawasha, kifua kimebana kidogo. Akameza mate.

"Bosi, nikuulize kitu. Siku ile, ulimfungulia saa ngapi?"

"Nilishakwambia. Baada ya dakika kumi."

"Sasa alirudi vipi mle ndani?"

Bosi akafungua bomba, akaanza kunawa mikono isiyo na uchafu. Alinawa muda mrefu.

"Bosi."

"Nilisahau," alisema.

"Ulisahau nini?"

"Nilisahau, basi! Dereva wetu alikuja kunichukua, nikapanda gari, nikaenda kusukwa nywele. Nikalala. Asubuhi nilipoamka ndiyo nikakumbuka. Nilikuja shule kabla yenu wote. Nikafungua komeo."

"Alikuwa..."

"Amekaa kwenye kona. Nikamgusa shavu." Bosi akajifuta mikono kwenye sketi. "Lilikuwa la baridi. Nikafunga tena."

Kasuku akashika ukuta.

"Ukaja darasani," alisema taratibu, "ukaniambia Filimbi ametoroka kwa hasira, nimwitikie tu asituponze. Na unajua amekufa?"

"Ungefanya nini ungekuwa mimi?"

"Nimemwitikia maiti!" Kasuku akalia. "Mwalimu ameita mtu aliyekufa, mimi nikasema nipo! Nimesema nipo kwa mdomo wangu!"

"Punguza sauti!"

"Tangu siku ile yupo, Bosi! Kwenye daftari yupo! Sisi ndio tuliomweka!"

Kibao kikatua shavuni mwa Kasuku.

"Shule inafungwa saa sita leo," Bosi alisema. "Likizo ya wiki moja. Tukirudi kila mtu amesahau. Ukifungua domo lako, ujue mimi nina baba na wewe huna." Akatoka, viatu vikigonga sakafu.

Kasuku alibaki peke yake na bomba linalovuja. Aliogopa, tena sana. Lakini kuna woga unaomfanya mtu ajifiche na kuna woga unaomkimbiza kwa mama yake. Akatoka mbio kwenda ofisi ya karani.

Mama yake anapiga pasi mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine zinanguruma kule, lazima upige kelele ndipo usikike. Karani alikuwa anafunga mafaili yake, akamsogezea simu bila kumtazama.

"Mama! Ni mimi!"

"Mimi nani?"

"Mimi mwanao! Mama, nisikilize, kuna jambo baya, njoo shule sasa hivi."

Upande wa pili hata mashine kama zilinyamaza.

"Binti," mama alisema, na haikuwa sauti anayoitumia kwa mwanawe, "kama ni mzaha, ukome. Mwanangu nimeongea naye sasa hivi, kwa namba hiihii. Ameniaga, anakwenda kwa shangazi yake moja kwa moja, wiki nzima. Tumecheka, tumeagana. Nimemzaa mwenyewe, sauti yake siwezi kuipoteza."

"Mama, huyo si mimi! Usikate!"

Simu ikakatwa.

"Nani amepiga simu hapa sasa hivi?" Kasuku akamuuliza karani.

"Hajapiga mtu tangu asubuhi," karani alijibu, kisha akainua uso. Kalamu ikamdondoka. "We mtoto... mbona unaongea hivyo?"

Hapo ndipo Kasuku alipojisikia. Kumbe tangu alipoinua simu alikuwa anaongea kwa sauti nyembamba, ya puani kidogo, na mwisho wa kila neno kifua kilikuwa kinapiga mluzi. Akajaribu kukohoa aitoe. Haikutoka. Akajaribu sauti ya mkuu wa shule, akajaribu sauti ya mama mwenye duka. Zote zilitoka vilevile, nyembamba, na mluzi.

Bingwa wa sauti mia amebakiwa na moja, tena ya marehemu.

Karani alishaondoka. Hakuaga, hakuchukua hata mkoba. Mlangoni alipishana na mwalimu wa darasa, aliyekuwa anakuja kuweka daftari la mahudhurio kabatini.

"Mwalimu," Kasuku alisema.

Mzee akasimama kama aliyekanyaga msumari. Macho yake yalibaki sakafuni.

"Sauti hiyo," alisema. "Kuiga wafu ni ushenzi, Kasuku."

"Siigi. Imekuja yenyewe. Mwalimu, asubuhi ile ulipoita kumi na tisa, niliyeitika ni mimi. Filimbi alikuwa ameshakufa, yuko stoo. Bosi alimfungia tangu jana yake. Mtunza maabara hana kosa lolote."

Alisema yote kwa mkupuo mmoja, na kila neno likifuatwa na mluzi. Alipomaliza alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akasubiri mwalimu apige kelele, aite watu, amzabe makofi, chochote kile.

Mwalimu alifungua daftari. Akafunua kurasa hadi mwezi ule, akaweka kidole kwenye kialama chekundu kimoja kati ya mamia.

"Niliapa," alisema kwa sauti ndogo. "Mbele ya kamati. Niliwaambia nimemsikia kwa masikio yangu."

"Ulinisikia mimi."

"Wakaniuliza, ulimwona? Nikasema nilimwona." Akafunga daftari. "Nimebakiza miezi mitatu nistaafu."

"Mwalimu, nitakayefuata ni mimi. Kwa Rula ilianza hivihivi. Sikuombi uniamini. Naomba uniangalie tu. Inua macho uniangalie, ili mtu mmoja ajue kwamba leo nilikuwa hapa."

Ndugu zangu, jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi hicho. Shingo ya binadamu inainuka bila gharama yoyote.

Mzee aliliweka daftari kwapani.

"Nenda mstarini," aliviambia viatu vyake. "Namba zinaitwa kabla ya geti kufungwa. Tutazungumza shule ikifunguliwa."

Akaenda zake.

Kasuku akatoka mbio. Sasa aliwaza jambo moja tu: kuonekana. Awafikie watu, asimame katikati ya umati, wamshike nguo, wamkanyage miguu, mradi aonekane kabla namba hazijaisha. Maana namba zikiisha kila mtu ameitika, mlinzi huzungusha mnyororo getini na shule inalala wiki nzima.

Njia ya mkato kwenda uwanjani inapita kwenye jengo la maabara. Jua la saa sita lilikuwa linawaka, na kutoka mbali kipaza sauti kilianza.

"Moja!"

"Nipo!"

"Mbili!"

"Nipo!"

Mbili ni namba ya Bosi, na iliyoitika ilikuwa sauti ya Bosi, ya madaha, ya mtu asiye na hofu. Kasuku akakaza mwendo. Alikuwa anapita mlango wa maabara aliposikia kishindo ndani.

Du! Du! Du!

"Nifungulieni! Jamani, nifungulieni!"

Miguu ikagoma. Hiyo pia ilikuwa sauti ya Bosi.

Akachungulia. Mle ndani mlikuwa na meza ndefu, chupa, harufu ya spiriti. Mwisho kabisa, mlango wa stoo, umepigwa komeo kwa nje. Ulikuwa unatikisika.

"Nani humo?" Kasuku aliuliza.

Kelele zikakatika. Kisha sauti ya Bosi ikasema kwa kunong'ona: "Toka. Niache. Sikukusudia, nilisahau."

"Si yeye. Ni mimi, Kasuku."

"Mwongo! Kasuku ndiye aliyeniita humu! Nimesikia sauti yake, Bosi njoo uone, nikaingia, mlango ukajifunga!"

Nawajua nyinyi. Mmetazama sinema za namna hii, na hapa ndipo mnaposimama kwenye viti kupiga kelele: usifungue, mjinga wewe, kimbia! Hata Kasuku amezitazama, na hupiga kelele kuliko nyinyi. Alijua kabisa kwamba nyuma ya mlango ule anaweza kuwa Bosi na anaweza kuwa mwingine. Kule uwanjani walishafika namba tisa.

Aligeuka, akapiga hatua mbili kuelekea nje kwenye jua.

"Kumi!" kipaza sauti kiliita.

"Nipo!"

Akasimama. Mara ya kwanza mtu alipogonga kwa ndani ya mlango huu, wao watatu walikwenda zao, na yeye akaenda kuitika. Hakukisikia kishindo kile. Lakini hiki amekisikia.

Akarudi. Akashika komeo kwa mikono miwili, akalivuta kwa macho yaliyofumbwa.

Mlango ukafunguka, na mwili wa mtu ukamwangukia. Ulikuwa wa moto, umelowa jasho, unanuka mafuta ya nywele ya bei mbaya. Alikuwa Bosi kweli, wa nyama na damu.

"Bosi! Twende, kimbia, hawajafika namba yangu!"

Bosi hakukimbia. Alimshika Kasuku mabega, akamtazama usoni, na machozi yalikuwa yanamtiririka kwa kweli.

"Nisamehe," alisema. "Ameniambia anamtaka mmoja. Mmoja tu, halafu ataondoka."

Akamsukuma.

Kasuku aliangukia mgongo katikati ya maboksi. Alipoinuka, mwanga ulishakuwa uzi mwembamba chini ya mlango. Komeo likapigwa. Nje, viatu vikaanza kukimbia.

"Bosi! Nimekufungulia mimi! Bosi!"

Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, na mluzi ukaimaliza. Kifua kilikuwa kinazidi kubana. Akapiga mlango kwa ngumi, kwa viwiko, kwa kichwa. Kwa mbali akasikia kipaza sauti.

"Thelathini na moja!"

"Nipo!" ikajibu sauti yake, tamu, yenye afya.

Akaketi chini. Giza lilikuwa zito, na polepole, kwenye kona ya kushoto, akaanza kusikia mtu mwingine anapumua.

Kasuku hakuthubutu kugeuka.

"Filimbi," alinong'ona. "Bosi anasema unamtaka mmoja."

"Namtaka mmoja," ilijibu sauti ya Kasuku kutoka kwenye kona. "Hakusubiri nimalize. Namtaka atakayefunga mlango."

Nje, viatu vya Bosi vikakoma ghafla. Kikasikika kilio kimoja, kifupi, kikakatika katikati. Baada ya hapo hakukusikika hata nzi.

Mwanzo Kasuku alishusha pumzi. Hakuwa yeye! Akajishika kichwa, akacheka, akalia. Kisha akili ikamrudia. Mama yake alishaagwa kwa simu. Mwalimu hakumtazama. Daftarini ameitika. Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua yuko wapi, na mtu huyo ndiye aliyekuwa amenyamaza pale nje.

Kutoka mbali sana ukafika mlio wa mnyororo ukizungushwa getini.

"Filimbi," alisema, na pumzi zilikuwa zinamtoka kwa shida. "Mimi nimekiri. Nimemfungulia hata yeye. Na mimi nifungulie, tafadhali."

Sauti iliyojibu kutoka kwenye kona haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Kasuku kuliko yote.

"Kufunga nimejifunza kwenu," ilisema. "Kufungua hakuna aliyenifundisha."